Tanga na Mota Katika Ghuba ya Baraka

Aliyepata kukaa ufukoni Baraka wakati boti zinapopakiwa huenda amesikia mabishano ya wenye vyombo: je, boti iliyofungwa mota yaweza kwenda vema kwa tanga, au tanga humo ni turubai la kufunikia mizigo tu? Suala hili lafaa kutazamwa kihistoria, kwani ni kongwe kuliko mota zenyewe.

Mwezi Machi 1858 Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, upande wetu wa ziwa, kumwomba mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Alirudi mikono mitupu. Safari ya kwenda Uvira ikafanywa kwa mitumbwi na makasia, kupitia Ubwari, ambayo Burton aliidhania kuwa kisiwa. Kosa hilo halishangazi: rasi ya Ubwari imeshikamana na bara kwa upande wa kusini tu, na mdomo wa ghuba ya Baraka umetazama kaskazini.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa. Atokaye Baraka kwenda Uvira, akishatoka ghubani, huupata upepo mgongoni, na hata tanga bovu litamsukuma. Aendaye Kigoma hana budi kupanda kwanza kaskazini, aizunguke rasi ya Banza, kisha aukabili upepo huohuo usoni. Mabaharia wa pwani huuita mwendo wa kuukata upepo kwa mshazari kuwa ni kubisha. Mwanaisimu hawezi kuacha kutabasamu, maana neno hilohilo ndilo la kushindana kwa maneno. Anayelisifu tanga aghalabu anasimulia safari ya Uvira. Anayelidharau anakumbuka ile ya Kigoma.

Edward Hore, baharia Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa London, aliyajua yote mawili. Alianza na chombo kidogo cha tanga, Calabash. Kisha ikaja Good News, iliyoshushwa majini mwaka 1885 na kufungwa mashine ya mvuke baadaye. Nayo ilikuwa na milingoti. Kwa maoni yangu huo haukuwa ushamba. Tanuri la meli lilitaka kuni, na kuni zilitaka kutia nanga na kukata miti, ilhali upepo haukatwi wala haununuliwi.

Wanaolaumu mota nao wana hoja. Rafadha isiyozunguka huburuta maji na kupunguza mwendo. Mota na mafuta huongeza uzito. Lakini mota ya kuning'inizwa nyuma yaweza kuinuliwa, na ubishi huo ukaisha. Kasoro kubwa, nionavyo mimi, imo katika umbo la boti zetu. Zina tumbo bapa lisilo na mkuku wa kina, basi upepo wa ubavuni huzisukuma kando badala ya mbele. Hata ukizing'olea mota, hazitabisha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoliacha tanga nyumbani. Mota ikizimika mbele ya Banza mwezi wa Julai, tanga dogo halitamfikisha nahodha Kigoma. Litamrudisha kaskazini, kwenye pwani za kuelekea Uvira, pamoja na abiria wake.