Kinundu kwenye ziwa la mama anayenyonyesha: sio kila kimoja ni saratani

Vinundu vingi ambavyo mama anayenyonyesha huvigusa kwenye ziwa sio saratani. Shida ni kwamba kwa kupapasa tu, hata daktari mzoefu hawezi kuapa kipi ni kipi.

Kinachojulikana sana ni galaktosele, yaani kifuko kilichojaa maziwa. Mfereji unaziba, maziwa yanakosa pa kutokea, yanajikusanya. Mara nyingi hakiumi, kinateleza kikibonyezwa, na kinaweza kujitokeza hata mtoto akishaachishwa ziwa. Maziwa yakikaa muda mrefu huwa mazito, kinundu kinakuwa kigumu, na hapo ndipo kinapofanana na saratani. Daktari akivuta kwa sindano yakatoka maziwa, jibu limepatikana, na mara nyingi kinundu hunywea palepale. Kikijaa tena, kinavutwa tena.

Adenoma ya kunyonyesha ni nyama ya ziwa iliyokua kwa sababu ya homoni za ujauzito na maziwa. Inaweza kukua haraka hadi ikatisha, kisha ikasinyaa yenyewe mtoto akiacha kunyonya.

Ziwa likiwa jekundu, la moto, linauma na mama ana homa, mara nyingi ni maambukizi. Mtaani watasema mtoto “amebeulia” ziwa, na kitana kitatafutwa lichanwe. Kitana hakizibui mfereji, na kukanda kwa nguvu huzidisha uvimbe. Ila ipo saratani inayokuja na wekundu huohuo, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Dozi ya antibayotiki ikiisha na ziwa liko vilevile, mama arudi hospitali, sio kwenda kuongeza dawa dukani.

Kinundu kisichoondoka ndani ya wiki mbili kipimwe. Vivyo hivyo chuchu iliyoingia ndani ghafla, inayotoa damu, au uvimbe kwapani. “Ni maziwa tu, subiri mtoto aache” ndiyo kauli inayowachelewesha wale wachache ambao kweli wana saratani.

Kipimo cha kwanza huwa ultrasaundi, ambayo haina mionzi na haiharibu maziwa. Mamografia nayo inafanyika, ila ziwa lililojaa huficha mambo kwenye picha, kwa hiyo mama hunyonyesha au kukamua kabla ya kupigwa. Hata akikatwa kinyama kidogo cha kupima, kwa kawaida halazimiki kumwachisha mtoto.