Butiama, Kijiji cha Wazanaki

Katika mkoa wa Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, viko vijiji vingi vyenye habari za kale. Lakini wageni wafikao Musoma mara nyingi huuliza kwanza njia ya kwenda Butiama. Sababu yake yajulikana: huko ndiko alikozaliwa, na huko ndiko alikozikwa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Walakini kijiji si kaburi la mtu mmoja tu. Twapenda kueleza hapa habari za mahali penyewe, na jinsi mahali hapo panavyotufundisha habari ya cheo, ni kitu gani, na chadumu muda gani.

Mtu atokaye Musoma huliacha ziwa nyuma yake, hupita Makutano, kisha huingia katika nchi ya Wazanaki. Ni nchi ya vilima na majabali makubwa, na wakaaji wake ni wakulima na wafugaji tangu zamani. Hapo zamani Wazanaki hawakuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Kila sehemu ilikuwa na wazee wake. Vijana waliongozwa kwa desturi za marika, na wenye kuombea mvua waliheshimiwa sana. Mtu hakusikilizwa kwa kuwa ameketi juu ya kiti, bali kwa umri wake, hekima yake, na faida aliyowaletea wenzake.

Wadachi walipoitawala nchi hii, utaratibu huo haukuwafaa. Walitaka katika kila sehemu awepo mtu mmoja wa kupokea amri na kukusanya kodi. Basi wakaweka machifu mahali ambapo hapakuwa na machifu. Mwaka wa 1915 walimweka Nyerere, mwana wa Burito, kuwa chifu wa Butiama. Waingereza walipokuja baada ya vita wakamwacha katika kazi yake. Mzee huyo alizaliwa mwaka wa 1860, na husimuliwa kwamba jina lake la Nyerere latokana na viwavi walioivamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Basi jina ambalo leo lajulikana duniani pote lilianza kwa msiba wa mashamba.

Chifu huyo alikuwa na wake ishirini na wawili. Wa tano alikuwa Mugaya wa Nyang'ombe, naye alimzaa mtoto wa kiume mwezi wa Aprili, 1922. Siku hiyo mvua ilinyesha, na mtoto akaitwa Kambarage, kwa jina la pepo wa mvua. Alichunga mbuzi kama watoto wenziwe. Yasemwa ya kuwa Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, nchi iliyo katika Bunda ya leo, aliona akili yake katika mchezo wa bao, akamshauri baba yake ampeleke shuleni. Mwaka wa 1934 kijana akaenda katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili zipatazo 26 kutoka nyumbani. Baadaye alisoma Tabora, na mwaka wa 1943, mwezi wa Desemba, alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapata jina la Julius.

Mzee Nyerere Burito alifariki mwaka wa 1942, na kiti chake kikachukuliwa na mwanawe mwingine, Edward Wanzagi. Hapa ndipo pana jambo la kufikiriwa. Nchi ilipata uhuru mwaka wa 1961. Mwaka wa 1963, katika serikali iliyoongozwa na Kambarage, uchifu ukafutwa kwa sheria katika Tanganyika yote. Kiti cha nyumba yake mwenyewe hakikusazwa. Mwana wa chifu aliondoa cheo cha baba yake na cha ndugu yake. Wengine huona huo ulikuwa ukali kwa ukoo wake. Lakini anayekumbuka habari za Wazanaki ataona ya kuwa cheo hicho kilikuwa kimekaa kwao chini ya miaka hamsini. Kiliwekwa na mkono wa mgeni, kikaondolewa na mkono wa mwenyeji. Desturi za wazee zilikuwapo kabla yake, na heshima ya wazee imebaki baada yake.

Naye mwenyewe alipoacha urais mwaka wa 1985 alirudi Butiama, akalima, akasoma na kuandika. Huko nyuma alikuwa amekwisha kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Na katika uzee wake alitunga tenzi za habari za Biblia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akaletwa kuzikwa nyumbani.

Mahali pa nyumba hiyo huitwa Mwitongo, maana yake mahali palipokaliwa zamani. Mgeni huonyeshwa makaburi ya mzee Nyerere Burito na ya mama Mugaya, aliyefariki mwaka wa 1997 akiwa na umri mkubwa sana, na kaburi la mwana wao limejengewa nyumba yake. Iko pia nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka wa 1999, ambamo zimewekwa zawadi alizopewa na vitu alivyotumia. Karibu na hapo ni msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuheshimu kwa ajili ya pepo wa jina hilo. Sisi Wakristo hatuabudu pepo. Lakini twaweza kuwashukuru wazee ambao kwa heshima yao miti ile haikukatwa, ikawafaa ndege na wanyama na watu.

Tangu mwaka wa 2012 Butiama ni jina la wilaya nzima, na barabara na majengo yameongezeka. Hayo ni mema. Lakini habari tulizozieleza hazihifadhiwi na majengo peke yake. Habari za marika, za waombea mvua, na za nchi kabla ya machifu, zimo vinywani mwa wazee, nao wazidi kupungua kila mwaka. Mkuu wa nchi huandikwa vitabuni na watu wa mbali. Mzee wa kijiji haandikwi na mtu asipoandikwa na wajukuu zake. Yafaa basi kila mwenye kujua kalamu aketi karibu na mzee wake, amwulize majina ya vilima na asili ya ukoo, ayaandike. Cheo ni nguo ya kuazima, huvaliwa na kurudishwa. Asili haiazimwi, nayo isipotunzwa na wenyewe, hakuna mgeni awezaye kuirudisha.