Mizigo ya Safari: Habari za Bagamoyo ya Zamani

Wazee wetu walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi ni mwepesi, na mzigo ulio juu ya kichwa cha mtu mwingine huonekana mwepesi vile vile kwa yule autazamaye tu. Mithali hii ni fupi, lakini yafunua habari nyingi za mji wa Bagamoyo, na leo nataka kuwaeleza ndugu wasomaji baadhi ya habari hizo.

Kila mtu atakaye kwenda safari na kulala porini hana budi kujiuliza: Nichukue nini, niache nini? Vijana waendao kupiga kambi siku mbili tatu hujiuliza hayo, na mara nyingi hukosea. Mmoja huja na sufuria tatu wala hana kiberiti. Mwingine huja na nguo za kubadili kila asubuhi wala hana blanketi ya usiku. Kosa lao ni dogo, maana kesho kutwa watakuwa kwao. Lakini Bagamoyo ya zamani, swali hilo hilo lilikuwa swali la uzima na mauti. Safari ya kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ilikuwa ya miezi mitatu hivi, na aliyetaka kufika Ujiji aliongeza tena. Njia ilikuwa ya mguu mmoja mbele ya mwingine, gari halikupita. Punda na farasi walikufa njiani upesi. Basi kila kitu, tangu sindano hata mashua, kilichukuliwa na mwanadamu, begani au kichwani.

Kwanza tufahamu kipimo chenyewe. Mizigo ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35. Mpagazi mmoja alichukua frasila mbili, yaani ratili 70, asiongezewe zaidi. Juu ya hizo alikuwa na vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, kibuyu cha maji, na chakula kidogo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, waliokuja pwani na pembe za ndovu na kurudi kwao na vitambaa. Watu hao waliijua kazi. Hapana aliyehitaji kuwafundisha namna ya kufunga mtumba usiolegea, wala kuwaambia kwamba mkeka mmoja na chungu kimoja vyatosha.

Tena tufahamu ya kuwa fedha haikufaa kitu bara. Chakula kilinunuliwa kwa vitambaa, kwa shanga na kwa masango ya shaba. Na hongo ya kupita katika nchi za watu ililipwa kwa vitu hivyo hivyo. Kwa hiyo msafiri alichukua mfuko wake wa fedha kwa mizigo mizito juu ya mabega ya watu. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa ngumu, maana kila mpagazi alikula. Ukiongeza kiti cha kukalia na meza ya kulia, umeongeza mtu wa kuvichukua. Ukiongeza mtu, yakupasa uongeze kitambaa cha posho yake. Na kitambaa hicho nacho chataka mtu wa kukichukua. Hivyo mzigo ulizaa mzigo.

Mwaka wa 1871 Bwana Henry Stanley alifika Unguja, ametumwa na gazeti moja la Marekani kumtafuta Daktari Livingstone. Alikuwa amesoma vitabu vya wasafiri waliomtangulia, lakini hakuona humo jibu la swali lake: watu 100 wahitaji vitambaa vingapi? Akaenda kuwauliza wafanyi biashara Waarabu waliozoea safari za bara. Wakamwambia ya kuwa watu 100 hutosheka kwa doti 10 kila siku, na doti moja ni yadi 4. Akapiga hesabu ya miaka miwili, akapata merikani doti 4,000, kaniki doti 2,000, na vitambaa vya rangi rangi doti 1,300. Jumla yake doti 7,300. Msomaji na azidishe mwenyewe siku 730 kwa doti 10, naye ataona ya kuwa hesabu ni sawasawa.

Shanga zilimsumbua kuliko vitambaa, kwa sababu kila nchi ilikuwa na shanga iliyoipenda. Nyeusi zilipokewa Ugogo, na kwingine zilikataliwa. Aliyekosea kuchagua alikuwa na gunia zima la shanga asiweze kununua hata kibaba cha mtama. Hata hivyo ilimbidi azichukue nyingi, akanunua magunia 22 ya namna 11. Akaongeza masango, mahema, bunduki, baruti, vyombo vya kupikia na mashua mbili. Vyote vilipokusanywa, uzito wake ukawa kama ratili 11,000, na Stanley mwenyewe akashangaa jinsi lundo lile litakavyoondoka mahali pake. Gawanya kwa ratili 70, nawe utaona alihitaji wapagazi karibu 160. Alikaa Bagamoyo majuma mengi akiwatafuta, akaugawa msafara wake mafungu matano. La kwanza liliondoka tarehe 18 Februari, na la mwisho, lililokuwa lake, tarehe 21 Machi 1871. Farasi wake wawili walikufa kabla hawajafika mbali, na punda wengi wakawafuata.

Lakini angalieni mwisho wake. Stanley alipokwisha kuzuiwa Unyanyembe kwa vita vya Mirambo, alishika njia nyingine kwenda Ujiji mwezi wa Septemba, na safari hii aliwachukua watu wapatao 50 tu na mizigo iliyochaguliwa, mingine akaiacha nyuma chini ya ulinzi. Kwa msafara huo mdogo alimfikia Livingstone. Sisemi kwamba mizigo ile mingine ilikuwa bure, la. Lakini kilichomfikisha kilikuwa sehemu yake tu, nacho alikijua baada ya miezi mingi ya taabu.

Tena mtu aweza kukosea kwa kuacha, si kwa kuchukua tu. Mabwana Burton na Speke waliondoka Kaole, kijiji kilicho kusini kidogo ya Bagamoyo, mwezi wa Juni mwaka 1857. Walikuwa na mashua ya chuma iliyofanywa kwa vipande vipande ili ichukulike. Lakini wapagazi walikuwa haba mno, hawakupata hata robo ya watu waliowahitaji, wakaona mashua ni nzito, wakaiacha pwani. Walipofika ziwa la Tanganyika mwezi wa Februari mwaka 1858, hawakuwa na chombo cha kusafiria. Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kuomba jahazi la Mwarabu mmoja, akarudi mikono mitupu. Mwisho wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, wakataka kufika kwenye mto Rusizi wajue kama maji yake yaingia ziwani au yatoka. Lakini wenye mitumbwi wakakataa kwenda mbele. Ilibidi wasadiki maneno ya watu. Mto ule haukuchunguzwa na wasafiri wa Ulaya mpaka Livingstone na Stanley walipoufikia pamoja mwaka wa 1871, wakaona ya kuwa maji yake yaingia ziwani.

Stanley alipoondoka Bagamoyo mara ya pili, tarehe 17 Novemba 1874, hakulirudia kosa hilo. Alikuja na mashua ya mbao, jina lake Lady Alice, nayo ilifanywa kwa vipande. Vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito kuliko alivyoagiza. Hakuviacha, wala hakuwatwika watu kwa nguvu hivyo vilivyo. Alimtafuta fundi, akavikata tena viwe vidogo. Mashua hiyo ikamzungusha katika ziwa la Viktoria mwaka wa 1875, na katika Tanganyika mwaka wa 1876, tena ikateremka mto Kongo. Twajifunza ya kuwa kitu kizito chafaa kuchukuliwa kama ndicho safari itakachokitegemea. Lakini na kipunguzwe kwanza kifae bega la mtu. Tukumbuke pia bei yake. Watu 356 waliondoka naye Bagamoyo, na wengi wao hawakuiona pwani tena. Wazungu watatu waliofuatana naye walikufa wote.

Sasa tuje kwa Daktari Livingstone mwenyewe, maana katika habari zake mna mizigo miwili ambayo sitaisahau. Wa kwanza ni sanduku la dawa. Mwezi wa Januari mwaka 1867, alipokuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili walitoroka msituni na baadhi ya mizigo. Siku zote sanduku la dawa lilichukuliwa na kijana mwangalifu. Lakini siku hiyo, kwa kutaka kumsaidia mwenziwe, alibadilishana naye mzigo. Basi aliyetoroka akaenda na dawa zote. Watu walitafuta katika mvua, wasione kitu. Livingstone aliandika ya kuwa aliona kana kwamba amehukumiwa kufa. Alibaki na vitu vingi, lakini kile kimoja kilikuwa na thamani kupita vyote, nacho kilikuwa katika sanduku moja. Labda kama dawa zingaligawanywa katika mizigo miwili au mitatu, asingalinyang'anywa zote siku moja.

Mzigo wa pili ulifungwa baada ya kufa kwake. Livingstone alifariki mwanzo wa Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala. Watu wake, na wakubwa wao Susi na Chuma, walikaa shauri: watachukua nini, wataacha nini? Njia ya pwani ilikuwa zaidi ya maili 1,000. Wangaliweza kumzika pale pale, wakarudi wepesi, wala hapana mtu ambaye angaliwalaumu. Walikata shauri lingine. Walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa, kwa gome la mti na kwa turubali. Jacob Wainwright, kijana aliyejua kusoma na kuandika, akaandika orodha ya vitu vya marehemu. Wakachukua na madaftari yake, na vyombo vyake vya kupimia, wakaondoka.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametoka Bagamoyo mwaka ule ule kwenda kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari, na watu wengi wachukia maiti kupitishwa katika nchi yao. Wakakataa. Naye akabaki na baadhi ya vile vyombo vya kupimia kwa safari yake. Lakini mwili na madaftari hawakuviacha. Mbele, penye kijiji cha Kasekera, wenyeji wakawazuia kweli. Basi usiku wakaufungua mzigo, wakaufunga upya mfano wa mtumba wa vitambaa, wakatengeneza mzigo mwingine wa uongo kana kwamba ni maiti, wakawatuma watu wachache warudi nao Unyanyembe kwenda kuuzika. Wale waliotumwa walipofika mbali waliutupa msituni. Wenyeji wakaridhika, na msafara ukapita.

Mwezi wa Februari mwaka 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ukawekwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka wa 1868, kisha ukapelekwa Unguja na Uingereza. Huko waganga waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa zamani na simba. Ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na madaftari yakapigwa chapa kuwa kitabu mwaka ule ule. Na wapagazi je? Walilipwa ujira wao, wakaachwa waende zao. Jacob Wainwright ndiye aliyefuatana na mwili mpaka Uingereza. Susi na Chuma waliitwa baadaye.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya wapagazi katika njia ile kuu ikaisha. Jina la mji limebaki. Watu husema latokana na "kubwaga moyo," na maana yake huelezwa namna nyingi. Mimi napenda ile ya mpagazi atokaye bara, ambaye akiiona bahari huutua mzigo wake chini, na moyo wake ukatulia pamoja nao.

Basi, ndugu msomaji, ukifunga mizigo yako ya safari, hata iwe ya siku mbili kambini, jiulize mambo matatu. Kitu hiki safari yakitegemea, au ni anasa tu? Kikipotea kimoja, nimebakiza kingine? Na la mwisho, ambalo wakubwa wa misafara walilisahau mara nyingi: Nani atakichukua? Susi na Chuma hawakuhitaji kuulizwa hilo. Waliouchagua mzigo ule mzito na waliouchukua walikuwa watu wale wale, wala kwao haukuwa kanda la usufi.