Frasila Mbili Begani

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilizouzwa Unyanyembe zilikuja kwa mabega ya watu. Ntalikwa, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, imo katika nchi hiyo ambako njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hapo ndipo mizigo ilipofunguliwa na kupangwa upya, na tajiri akaamua kipi kiende na kipi kibaki.

Kipimo kilikuwa frasila. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takribani frasila mbili, kama kilo 32, na juu yake akaongeza mkeka, chungu na chakula chake. Gora za merikani, yaani kitambaa cha pamba, zilikandamizwa na kukazwa kwa kamba mpaka zikawa mtumba mrefu, mgumu, usiotetereka begani. Shanga zilitiwa mifukoni, na masango, yaani nyaya za shaba, yakaning'inizwa kwenye ncha za mti wa kubebea.

Nguo hizo hazikuwa za biashara tu. Ndizo zilizokuwa posho ya msafara na hongo ya watemi njiani. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari, akijiandaa Unguja mwaka 1871, aliambiwa kwamba watu 100 huhitaji doti 10 za nguo kwa siku kununulia chakula. Kwa hiyo kila mpagazi aliyeongezwa alikuja na mdomo wake, na sehemu ya mzigo uliobebwa ililiwa kabla ya kufika.

Kisha kulikuwa na jembe. Ndilo lililoendesha mengine. Wanyamwezi wengi walishika njia ya pwani baada ya mavuno, mvua zikishakatika, na walitaka kuwa nyumbani zinapoanza tena kuelekea mwisho wa mwaka. Shamba kwanza, safari baadaye. Tajiri aliyechelewa kufunga mizigo yake alihangaika kutafuta watu, hata kama ghala lake limejaa pembe za ndovu.

Mwaka huohuo wa 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alifunga njia ya Ujiji. Agosti Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, wakashindwa. Stanley, aliyekuwa upande wao, akarudi Kwihara, karibu na Tabora, akiwa na shehena asiyoweza kuisogeza. Tembe lilijaa nguo, shanga na masango, pamoja na mali ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, iliyokwama hapo.

Angeweza kungoja njia ifunguke. Badala yake alishika jambo moja lililomleta, yaani kumpata Livingstone, akaacha mali nyingi chini ya walinzi. Tarehe 20 Septemba aliondoka na watu wapatao 50, akizungukia kusini, na Novemba akamkuta mzee huyo Ujiji. Katika safari nzima hakufanya uamuzi bora kuliko huo wa kuacha mizigo.

Februari 1872 wote wawili walirudi Kwihara, na mali iliyoachwa ikapata kazi yake. Stanley alimgawia Livingstone nguo, shanga na vifaa, kisha Machi akashika njia ya pwani kumtafutia watu. Livingstone alikuwa na mali sasa, lakini hakuwa na mabega ya kuibeba. Alikaa Kwihara akiwangoja hadi walipofika Agosti, akaondoka nao mwezi huohuo kuelekea ziwa Bangweulu.