Tairi la Kazi na Tairi la Mashindano

Leo tutazungumza habari za tairi la motokaa. Kila mmoja wenu amekwisha kusafiri juu yake, kama si kwa gari lake basi kwa basi au lori. Bali ni wachache waliopata kulisoma. Nasema kulisoma, maana tairi lina maandishi ubavuni, na kabla somo halijaisha tutayasoma pamoja. Kwanza lakini tujue majina haya yalitoka wapi: Goodyear, Dunlop, Michelin, Firestone, Pirelli, Bridgestone. Watu hubishana sana juu yake, huyu akisifu hili na yule akisifu lile.

Tuanze na mpira wenyewe. Zamani mpira ulikuwa kitu cha taabu. Wakati wa joto ulinata kama ulimbo, na wakati wa baridi kali ulikatika kama kigae. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukatiwa katika moto hukaa imara wakati wote. Alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi. Kampuni ya Goodyear haikuwa yake. Iliundwa mwaka 1898 katika mji wa Akron, Marekani, ikachukua jina lake kwa heshima tu.

Tairi la kujazwa upepo lilipata sifa mwaka 1888, kwa kazi ya John Boyd Dunlop, Mskochi, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast. Alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Baadaye ikajulikana kwamba Mskochi mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha wazo lilo hilo tangu miaka ya 1840, na haki ya Dunlop ikafutwa. Thomson hakumbukwi na watu wengi. Jina la Dunlop ndilo lililoandikwa juu ya matairi.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa sababu habari hii inatuhusu sisi Waafrika. Baiskeli zilipoenea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1890, mpira ulitakiwa kwa wingi mno. Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema utomvu wa mitambaazi. Walioshindwa kuleta kiasi walichoamriwa walipigwa, wake zao wakashikwa rehani, na wengine walikatwa mikono. Kelele zilipozidi duniani, Leopold alinyang'anywa nchi hiyo mwaka 1908, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Watu waliofurahia upepo ndani ya magurudumu yao hawakujua, au hawakutaka kujua, gharama yake.

Sasa twende Ufaransa. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walikuwa na kiwanda cha mpira katika mji wa Clermont-Ferrand. Mwaka 1895 yalifanywa mashindano ya motokaa kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Wakati huo motokaa zilitumia magurudumu ya mpira mgumu au ya chuma. Ndugu hao waliingia na gari lenye matairi ya upepo. Wakapata pancha nyingi hata wakawa wanashinda barabarani wakiziba. Hawakushinda, lakini walifika, na watu wakaona kwamba upepo unaweza kubeba motokaa.

Tangu hapo makampuni ya matairi yalizoea kujitafutia sifa kwa mashindano. Mwaka 1907 gari la Itala lilitoka Peking, China, likafika Paris la kwanza, na matairi yake yalikuwa ya Pirelli wa Milano. Mwaka 1911 gari lililoshinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani, lilikuwa na matairi ya Firestone. Je, tairi linaloshinda mashindano ndilo litakalokufaa wewe unayekwenda shamba na sokoni?

Fikirini jambo hili. Mashindano makubwa ya siku hizi ya Formula 1 ni ya kilomita 300 hivi tu, na bado magari husimama katikati kubadilisha matairi. Mpira wake ni laini ili ushike barabara, na kwa kuwa ni laini huliwa upesi. Kama barabara ni kavu hutumia tairi lisilo na mifereji hata kidogo. Basi lenu likivikwa tairi kama hilo, mvua ya kwanza italitupa mtaroni.

Lakini kulikuwa na uvumbuzi mmoja uliofaa pande zote mbili. Tairi la zamani lilikuwa na tabaka za nyuzi zilizolala mshazari, moja huku na moja huku, kama mkeka. Gari likienda tabaka hizo zilisuguana, tairi likapata moto na kuisha. Michelin walizipitisha nyuzi moja kwa moja kutoka ukingo huu hata ukingo wa pili, kama mbavu, kisha juu yake wakafunga mshipi wa nyuzi za chuma. (Mafundi wa katambuga wanaujua mshipi huo, maana kisu chao hukwama hapo.) Waliuandikisha uvumbuzi huo mwaka 1946, na mwaka 1949 wakaanza kuliuza tairi hilo kwa jina la Michelin X. Tairi hili la radio, kama linavyoitwa kwa Kiingereza radial, lilidumu karibu mara mbili kuliko la zamani, na katika kona lilishika barabara vizuri zaidi. Liliuzwa kwanza kwa watu wa kawaida. Mwaka 1978 tu ndipo liliposhinda kwa mara ya kwanza katika Formula 1, huko Brazil, kwenye gari la Ferrari. Mara hii tairi la kazi lilitangulia, la mashindano likafuata.

Wamarekani walichelewa. Watu walipoanza kutaka tairi jipya, Firestone walilifanya kwa haraka, wakitumia mashine nyingi zilizokuwa za tairi la zamani. Tairi lao lililoitwa Firestone 500 likaanza kuachana, mshipi ukitoka mwilini gari likiwa mbioni. Watu wakafa. Mwaka 1978 kampuni ililazimika kuyarudisha matairi yapata milioni 14. Miaka 10 baadaye ilinunuliwa na Bridgestone wa Japani. Na sifa za Indianapolis zilikuwa pale pale.

Kwa hiyo mimi sitawaambia mnunue jina gani. Majina hubaki, wenyewe hubadilika. Jina la Dunlop limepita katika mikono ya makampuni kadhaa. Arusha palikuwa na kiwanda cha General Tyre, na Nairobi palikuwa na cha Firestone, na vyote viwili vimeacha kutengeneza.

Someni ubavu wa tairi. Mkikuta 205/55 R16 91V, 205 ni upana kwa milimita. 55 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo. Namba hii ikiwa ndogo, tairi hutulia katika mwendo wa kasi, lakini shimo la barabarani hulipiga vibaya pamoja na rimu yake. R ni tairi la Michelin nililolieleza. 16 ni rimu, kwa inchi. 91 ni mzigo, kilo 615 kwa kila tairi. V ni mwendo usiopita kilomita 240 kwa saa. Kwa gari la nyumbani T, yaani kilomita 190, yatosha na kuzidi.

Mwisho tafuteni herufi DOT, na mwisho wa mstari wake tarakimu nne. 0819 ni juma la 8 la mwaka 2019. Michelin na Continental husema tairi likitimiza miaka 10 liondolewe, hata kama mifereji yake ingali mirefu, kwa kuwa mpira huzeeka. Muuzaji wa matairi ya mtumba hupaka rangi nyeusi likang'aa, lakini tarakimu hizo hazifutiki kwa rangi.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja aende kwenye gari lolote lililosimama, aombe ruhusa kwa dereva, anakili tarakimu hizo nne katika daftari lake, kisha amwambie dereva umri wa tairi lake.