Umri wa Mtapo

Mtapo wa Pwani yetu uliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1874, ukaitwa Encephalartos hildebrandtii kwa heshima ya Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Mashariki miaka hiyo. Watu wa Pwani walikuwa wakiujua tangu zamani. Njaa ilipouma waliukata shina, wakakiloweka na kukianika kiini chake hadi sumu itoke, ndipo wakakitwanga kupata unga.

Nimefundisha baiolojia Kwale muda mrefu, na wanafunzi wangu niliwasimamisha mbele ya mtapo kule Shimba Hills. Majani yake yana miiba ya kuchana ngozi. Koni ya kike ni ya manjano, nzito, na ikishaiva huachia mbegu nyekundu zinazong'aa. Ua hakuna, tunda hakuna. Ukoo wake ulikuwapo kabla ya dinosaria, na vitabu vya shule viliuita kisukuku hai, kana kwamba ulilala usingizi enzi zote hizo.

Haukulala, ingawa ulitunza mambo ya kale. Mwaka 1896 Mjapani Seiichiro Ikeno alichunguza kwa hadubini mmea wa ukoo huu, Cycas revoluta, akakuta mbegu za kiume zenye nywele nyingi za kuogelea, kama zile za kangaga. Mwaka huo huo mwenzake, Sakugoro Hirase, aliziona kwenye mti wa ginko. Mti mkavu wa nchi kavu, na bado ndani yake unatunza tone la maji kwa ajili ya kuogelea! Kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika historia ya mimea.

Kisha ikaja kazi ya kusoma vinasaba. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha jeni za mimea ya ukoo huu kutoka mabara mbalimbali, wakabaini kwamba spishi tulizo nazo leo nyingi zilizaliwa ndani ya miaka milioni 12 hivi iliyopita. Ukoo ni wa kale; mtapo wenyewe ni kijana. Mwaka 2022 ikachapishwa jenomu nzima ya Cycas panzhihuaensis wa China, yenye herufi bilioni 10 na nusu, zaidi ya mara tatu ya zetu. Humo zilikutwa jeni za sumu ya kuua wadudu ambazo yaelekea zilichukuliwa kutoka kwa kuvu, na jeni nyingine inayofanya kazi kwenye koni za kiume tu.

Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoifuatilia kwa hamu, kwa kuwa kila mmea wa ukoo huu ni wa kiume au wa kike. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, mmea wa kiume wa Encephalartos woodii. Wa kike haujapatikana hadi leo, na yote iliyoko bustanini ni machipukizi ya huo mmoja. Mche wa mtapo hauonyeshi jinsia yake mpaka utoe koni, na hilo huchukua miaka. Jeni hiyo ikipimika kwenye jani la mtapo wetu, wanaoupanda upya watajua mapema ipi ya kiume, ipi ya kike, na kuipanda karibu karibu.