Apolo Kivebulaya: mhubiri aliyerudi mahali alipopigwa

Hapa Kibua, kati ya Masisi na Walikale, tunajua maana ya kukimbia na mizigo kichwani, na tunajua pia uzito wa kurudi. Kuna mhubiri wa zamani anayeweza kutusaidia: Apolo Kivebulaya, aliyehubiri Mboga, katika Ituri ya leo.

Maisha yake kwa ufupi

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akapewa jina Waswa. Alibatizwa mwaka 1895. Watu walimwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilolivaa.

Mwaka 1896 alitumwa Mboga. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwa kuwa chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo alikwenda akiwa tayari kushika jembe na kujilimia mwenyewe. Hata hivyo alipigwa. Kisha dada wa chifu akafa kwa ajali ya mkuki. Apolo akasingiziwa kifo hicho, akafungwa na kupelekwa Toro. Alipofunguliwa, alirudi Mboga. Tabaro yuleyule aliyemtesa, mwishowe alibatizwa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Baadaye aliwaendea Wambuti wa msituni, watu ambao wengi waliwadharau. Alisimulia kwamba Kristo alimjia katika ndoto na kumtuma akahubiri msituni. Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa sababu kazi ilikuwa bado inaendelea. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi yetu.

Anatufundisha nini?

Kwanza, jembe na Biblia vinakwenda pamoja. Mtume Paulo naye alifanya kazi kwa mikono yake ili asimlemee mtu (1 Wathesalonike 2:9). Muinjilisti anayelima mihogo yake hana aibu yoyote. Chifu alishika chakula ili kuifunga Injili, lakini mwenye jembe hakufungika.

Pili, kurudi si kujionyesha shujaa. Paulo alipigwa mawe Listra, na baadaye akapita tena huko kuwatia moyo wanafunzi (Matendo 14:19-22). Lakini Paulo huyohuyo aliwahi kushushwa ukutani ndani ya kapu ili aokoe maisha yake (Matendo 9:25). Kwa hiyo tusimhukumu ndugu aliyekimbia risasi na bado yuko kambini. Kuna wakati wa kukimbia. Swali la Apolo linatugusa pale njia inapofunguka: je, tunarudi na moyo gani? Tunarudi kulipa kisasi, au kumtafuta Tabaro wetu?

Ninakiri kwamba mimi mwenyewe ninaweza kuhubiri msamaha Jumapili na Jumatatu nikapita njia nyingine ili nisikutane na mtu fulani. Maisha ya Apolo yananikemea hapo. Imani yake haikupimwa mimbarani. Ilipimwa katika njia ya kurudi Mboga.

Tatu, tuangalie tunaowapita. Hata kwetu kuna majirani wa msituni ambao hatuwapi nafasi ya kukaa kanisani. Apolo aliwafuata kwao.

Kwa kutafakari nyumbani

Wiki hii soma Matendo 14 pamoja na jamaa yako. Kisha kila mmoja ataje, hata kimoyomoyo, mtu mmoja anayemkwepa. Mwombee kwa jina. Na mlango ukifunguka, mwendee ukamsalimie kwanza.

Bwana awatie nguvu.